Nimeambiwa niandike IEP za watoto watatu, naanzia wapi?

Mwalimu_wa_Kisauni

Assalaam aleikum na habari za jioni nyote. Mie ni mwalimu wa gredi ya 3 shule moja ya serikali huku Kisauni, darasani nina watoto 61 na kati yao watatu mahitaji yao ni tofauti na wenzao. Wiki jana mwalimu mkuu kaniita akanambia nataka IEP za hao watatu kabla ya nusu muhula, yaani ule mpango wa elimu wa kila mtoto peke yake, akanipa fomu ya kurasa nne imefotokopiwa mpaka maandishi mengine hayasomeki, basi. Chuoni tulisoma mahitaji maalum lakini ilikuwa ya kufanyia mtihani, IEP yenyewe sijawahi kumuona mtu akiiandika.

Mmoja ni msichana wa uoni hafifu, nishamweka mbele na namwandikia herufi kubwa. Wa pili anachelewa kuelewa hesabu na kusoma. Wa tatu ndiye ananinyima usingizi. Kijana wa miaka 9, ripoti ya EARC, kile kituo cha serikali cha kupima watoto wenye mahitaji maalum, imeandika usonji, hasemi, kengele ikipigwa anaziba masikio na kutoka mbio, na geti letu liko barabarani kabisa tuktuk na matatu zinapita kasi, siku mbili nimemuwahi ashashika geti.

Kwenye lengo niliandika "aweze kusoma na kuandika kama wenzake na aboreshe tabia" lakini nikilisoma naona halinisaidii kitu kesho asubuhi nikiingia darasani. Malengo yawe mangapi? Na mamake nimwite sasa au niandike kwanza ndio aje asaini? Naomba anayeijua kazi hii anishike mkono.

BiTicha_Likoni

Waleikum salaam mwalimu, pole na kazi. Hiyo fomu iweke kando kwanza. Niko yuniti ya mahitaji maalum huku Likoni mwaka wa 14 sasa, na nakwambia kabla hujaandika neno moja mtazame huyo mtoto wiki nzima ukiwa na daftari. Usitafute makosa, tazama anachofanya. Anakaa dakika ngapi kabla hajainuka, akitaka maji anafanyaje, analia au anakuvuta mkono, nani darasani anamkubali akae karibu yake, kitu gani akipewa anatulia. Na kwa hiyo mbio ya kengele gawanya ukurasa mara tatu, kilichotokea kabla, alichofanya yeye, na alichopata baadaye. Mie nilikuwa na mmoja tukidhani akimbia kengele kumbe akimbia ule msukumano wa watoto mlangoni baada ya kengele, tulipoanza kumtoa dakika mbili kabla ya wenzake ile mbio ikapungua mpaka ikaisha. Tusingeandika chini tungeendelea kumfungia mlango tu.

Hayo utakayoyaona ndiyo hali yake ya sasa na IEP yote inasimama hapo. Ukiandika "hawezi kuongea" huna pa kwenda tena. Ukiandika "akitaka maji anamvuta mwalimu mkono mpaka kwenye mtungi, kama mara 3 kwa siku" ushapata pa kuanzia, manake mtoto anawasiliana, kilichobaki ni kumpa njia ambayo hata mtu asiyemjua ataielewa.

Malengo weka matatu, yakizidi sana manne kwa muhula. Nimeona IEP zina malengo 15 na mwisho wa mwaka hata moja halijaguswa, na ukiwa na watoto 61 usijibebeshe usichoweza. Lengo lionekane kwa macho na lihesabike. "Aelewe" na "aboreshe" huwezi kuhesabu. Sema hivi: "Kufikia mwisho wa muhula, akiwa na kiu, atachukua picha ya maji kati ya picha mbili na kumpa mwalimu bila kushikwa mkono, mara 4 kati ya 5, siku tatu mfululizo." Hapo hata ukiugua mwalimu mwingine akiingia anajua afanye nini na atajua limefika au halijafika. Picha zenyewe kata kwenye kalenda au piga na simu ukaprinti, hazihitaji bajeti.

Kuhusu masomo usichanganye hao watatu. Msichana wa uoni hafifu anafuata mtaala ule ule wa gredi ya 3, mpango wake ni wa marekebisho tu, maandishi makubwa, akae pasipo na mng'ao wa dirisha kwenye ubao, muda wa ziada kwenye mtihani, na macho yakaangaliwe upya. Kijana wa usonji ikiwa asesmenti imeelekeza hivyo anaweza kufuata ule mkondo wa hatua wa mtaala wetu, kule mtoto haendi kwa umri, anaanza ngazi ya msingi yenye mawasiliano na kujihudumia na shughuli za kila siku, halafu ngazi ya kati, halafu matayarisho ya ufundi, halafu ufundi wenyewe. Kwa hiyo kusema asome na kuandika kama wenzake muhula huu ni kumwonea, yeye na wewe.

Mamake mwite KABLA. Hizi IEP zilianzia kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1975 na tangu mwanzo mzazi yumo ndani ya kikao, hangoji nje ya mlango na kalamu ya kusaini. Kuna vitu mtoto anafanya nyumbani ambavyo wewe hutaviona hata ukae naye miaka mitatu.

MamaMapacha_Changamwe

Naomba mniruhusu mie si mwalimu, ni mzazi, lakini hapo kwa kusaini pamenigusa. Nina mapacha mmoja ana mtindio wa ubongo, miguu na mkono wa kushoto havimtii vizuri na maneno yanatoka taratibu. Shule ya kwanza aliyosoma niliitwa siku moja nikapewa karatasi nisaini, nikasoma nikaona jina la mwanangu limeandikwa juu ya jina la mtoto mwengine lililofutwa kwa wino mweupe, na ndani neno hawezi limeandikwa mara 11, nilihesabu. Hawezi kushika kalamu, hawezi kuvaa, hawezi kukaa. Nilisaini kwa sababu nilidhani ndio utaratibu nikatoka nikalia kwenye stage ya matatu mpaka mama mmoja nisiyemjua akanishika bega.

Mtoto huyo huyo nyumbani nikichagua mbaazi anatoa mawe kwa mkono wa kulia moja moja na hakosei. Anajua adhana ikilia nduguye ataenda msikitini, anamsogezea viatu mlangoni. Nikimtuma kwa jirani na chombo anafika, anachelewa lakini anafika. Hakuna aliyeniuliza hata siku moja.

Shule ya sasa mwalimu alikuja na swali moja tu, mama ni kitu gani kimoja ambacho akikiweza nyumbani kwako kutakuwa na nafuu? Nikamwambia kuvaa, manake mie nauza mahamri alfajiri na kuvisha mtoto wa miaka 10 mgongo wangu haukubali tena. Basi wakaweka lengo la shati. Mwalimu akanifundisha kuanza na mwisho, namvalisha kila kitu yeye amalizie kifungo kimoja cha chini, akishaweza namwachia viwili, halafu vitatu. Nikaambiwa vifungo viwe vikubwa. Shuleni wanafanya hivo hivo na mie nyumbani hivo hivo na tuna daftari moja linakwenda na kurudi kwenye begi. Ilichukua mihula miwili. Siku aliyovaa shati zima peke yake alichelewa shule na sikujali.

Kwa hiyo mwalimu ukimuita mamake huyo kijana usianze na geti. Anza na kitu kizuri umekiona. Nakuomba sana, sisi tukiitwa shule tunajua tunakwenda kusemwa.

Baba_Tudor

Nawasikia lakini tuseme ukweli, watoto 61 na mwalimu mmoja, huyo wa usonji si bora apelekwe shule maalum wanakojua kazi hiyo? Hapo atapotea tu, na geti lenyewe liko barabarani.

BiTicha_Likoni

Baba_Tudor, woga wako nauelewa na geti hilo nimelifikiria tangu nisome, mwalimu mwambie mwalimu mkuu leo, hilo halingojei IEP, komeo la ndani na mtu wa kusimama wakati wa kengele. Ila mtoto hahamishwi kwa kuwa sisi tumechoka. Katiba kifungu cha 54 inampa haki ya kusoma mahali palipochanganyika na jamii kadiri inavyomfaa YEYE. Shule maalum zipo na zinafanya kazi kubwa, na kuna watoto hapo Mombasa ambao huko ndiko kunakowafaa. Lakini uamuzi huo unatoka kwa EARC na mzazi na walimu wakiwa na rekodi mbele yao, na bila IEP iliyofanyiwa kazi hizo rekodi utazitoa wapi? Hata akihama, lile daftari la wiki moja litamsaidia mwalimu atakayempokea asianze upya.

Mwalimu_wa_Kisauni

Nimerudi baada ya siku 9, samahanini tulikuwa na mitihani. Nimemtazama kama ulivyosema Bi Ticha. Kengele yetu ni kipande cha reli kinachogongwa na chuma, na kinaning'inia nje ya dirisha langu hasa, yaani mtoto anagongewa sikioni. Nimeomba kihamishwe kule karibu na ofisi na kimehamishwa juzi. Jana aliziba masikio lakini hakutoka. Leo alitoka mpaka verandani akasimama.

Mamake nilimuita nikafuata ushauri wa mama wa mapacha. Nikamwambia mwanao anapanga vifuniko vya soda kwa rangi na hachanganyi hata kimoja. Alinyamaza muda mrefu halafu akaniambia tangu mtoto aanze shule ni mara ya kwanza kuambiwa kitu anachoweza. Kumbe nyumbani kuna picha anaelewa, babake ni dereva wa tuktuk na akiona picha ya tuktuk kwenye simu anakimbilia mlangoni, kwa hivyo picha anazijua huyu. Nami nilikuwa nataka kuanza na herufi.

Lengo nimeliandika hivi niangalieni: "Kufikia mwisho wa muhula wa pili, kengele ikigongwa, atachukua picha ya mkeka na kwenda kukaa kwenye mkeka kona ya darasa mpaka wenzake watoke, mara 4 kati ya 5, akioneshwa kwa kidole tu." Na la pili ni lile la maji. La tatu sijalipata bado.

BiTicha_Likoni

Maashallah mwalimu, hilo ni lengo. Andika pia tarehe ya leo na hali yake ya leo pembeni, kwamba anafika verandani, ili baada ya wiki sita mkikaa na mamake muone mmetoka wapi. Na mkipitia mkaona halisogei msimlaumu mtoto, badilisheni njia, pengine kona ina joto, pengine mkeka uko karibu na mlango. La tatu muachie mamake achague, muulize swali lile aliloulizwa mama wa mapacha.

MamaMapacha_Changamwe

Na mwambie kuna wamama wengine tuko huku, akitaka mtu wa kuongea naye aniandikie humu ndani. Vifuniko vya soda nitaanza kuwakusanyia, mie niko na duka la soda mbele ya meza yangu ya mahamri.