Linux Mint kwa kompyuta ya steshenari: je, inafaa?

Mwenye steshenari: Habari zenu wakuu. Nina kompyuta ya mezani isiyokidhi masharti ya Windows 11, yenye RAM ya GB 4, na kwa kuwa Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ninafikiria kuhamia Linux Mint, mfumo endeshi wa bure. Je, nyaraka za Word ambazo wateja huniletea kwa flashi zitafunguka bila kuvurugika?

Fundi wa mtaani: Mkuu, chagua toleo la Xfce, ambalo ni jepesi kuliko Cinnamon, toleo kuu la Mint. Nyaraka hufunguka katika LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika badala ya Word, lakini barua iliyoandikwa kwa fonti ya Calibri, ambayo ni mali ya Microsoft na haiji na Linux, huweza kusukuma sahihi hadi ukurasa wa pili. Hakikisha una fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule, na mistari itabaki mahali pake. Kwa majedwali yaliyojaa michoro, mwombe mteja PDF. Hata ningekuwa na Windows ningemwomba hiyohiyo.

Mdau: Usifute chochote kwanza. Washa mashine kwa flashi yenye Mint bila kuisakinisha, kisha jaribu kuchapisha na kuskani, kwani kinachowakwamisha wengi ni printa, si Word.

Mwenye steshenari: Nashukuru. Printa imetambulika yenyewe. Skana bado inagoma.

Mdau: Taja modeli yake tuitafutie draiva, yaani programu ya kuiunganisha na Mint.