Tekken 7 mabandani Mtwara na Lindi: Eddy anafungwaje? Tupeane uzoefu

Mwana_Chikongola

Wakuu, habari za jioni. Kila banda la gemu kuanzia huku Chikongola mpaka Mikindani, na ukivuka kwenda Lindi mjini, ubishi ni uleule: Eddy Gordo, yule mpiga kapoera wa gemu ya mapigano ya Tekken, anafungika au hafungiki? Mtu anachagua Eddy, anaponda X na duara bila mpangilio, mwenye King na mwenye Paul wote wanaachia pedi. Kinachofuata ni "Eddy asiruhusiwe hapa".

Uzi huu hautafuti nani mkali wa mtaa. Tunataka majibu yanayofanya kazi: pigo gani, linazuiwaje, ukishalizuia unarudisha nini, na likishindikana tatizo liko wapi. Tubaki na Tekken 7 ya PS4, iliyotoka kwenye konsoli mwaka 2017. Tekken 5 ya PS2 na Tekken 8 namba zake ni nyingine, tusichanganye.

Kwa wageni kidogo. Gemu inakwenda fremu (picha) 60 kwa sekunde. Mraba ni ngumi ya kushoto, pembetatu ngumi ya kulia, X teke la kushoto, duara teke la kulia. Pigo la juu unalizuia ukiwa umesimama, au unachuchumaa linapita. La kati linamla aliyechuchumaa. La chini linamla aliyesimama. Mtu akisema pigo ni "hasi 15" maana yake ukilizuia, mwenzako anachelewa fremu 15 nyuma yako, kwa hiyo pigo lako la fremu 15 linaingia na hana la kufanya. Ngumi ya haraka ya mraba ni fremu 10 kwa karibu wahusika wote. Kama hujui mhusika wako ana nini kwenye fremu 10, 12 na 15, anzia hapo kabla ya kumlaumu Eddy.

Ligula_Kwetu

Asante kwa uzi mkuu. Nianze na Eddy mwenyewe.

Kosa kubwa la watu ni kuchuchumaa muda wote kwa sababu "anapiga chini". Mapigo yake yanayokurusha hewani na kukuletea kombo ndefu (mapigo ya mfululizo usiyoweza kuyazuia) mengi ni ya kati. Ukikaa umechuchumaa unamkaribisha. Msimamo wa kuanzia ni kusimama na kuzuia, hata kama mateke madogo ya chini yanakugusa. Yanauma kidogo, hayamalizi raundi. Chuchumaa kwa yale unayoyaona yakija polepole, au mwisho wa mfululizo ambao umeshaujua.

Pili, mikao yake. Eddy akijilaza chini kwa ule mkao wake wa kapoera, ngumi za juu zinampita kichwani. Ndiyo maana mtu anarusha mraba, mraba, haimpati, kisha anakula teke. Hapo piga pigo la kati, lile fupi la haraka, siyo kubwa la kuchelewa. Na kumbuka akiwa amelala hivyo au amesimama kwa mikono, hazuii. Ni lazima apige au atoke. Kwa hiyo ukiwa mbali, rudi nyuma hatua mbili za haraka, acha teke lake lipite hewani, ndipo uingie. Anayekimbilia kumfuata akiwa kwenye mkao anaingia mwenyewe kwenye mchezo wake.

Tatu, kudaka teke la chini. Bonyeza chini-mbele, ule mshazari, pale teke la chini linapofika. Mhusika wako anausukuma mguu, Eddy anayumba, unapata kombo. Mhusika yeyote anaweza. Inaposhindikana ni kwa mambo mawili: umebonyeza mapema mno, au pigo lilikuwa la kati. Ukishika mshazari ule huzuii, kwa hiyo pigo la kati linaingia lote. Usidake kwa kubahatisha kila sekunde. Daka pale unapolijua linalofuata.

Na ukizuia la chini kwa kuchuchumaa, usisimame ukatulia kama umeshinda. Wakati unanyanyuka bonyeza duara. Kwa karibu wahusika wote hilo teke la kunyanyukia ni fremu 11, linaadhibu mengi ya Eddy, yaani linaingia kabla hajarudi kuzuia. Ukiona pigo lake limemwacha wazi zaidi, hapo ndipo utumie pigo lako la kunyanyukia linalorusha.

Nachingwea_Boy

Mkuu Ligula nakubali kote, ila umeruka jambo moja. Kwa anayetumia King, hali ni tofauti na mwenye Jin au Bryan. Nguvu ya King ni kukamata, na ukamataji wa kawaida ni wa juu. Eddy akiwa amelala kwenye mkao, mikono ya King inashika hewa. Mtu amezoea kumtisha mpinzani kwa kumbeba, ghafla silaha yake kuu haipo nusu ya raundi. Kwangu mechi hii inamwelemea King, na mwenye King anapaswa kulikubali hilo, acheze mapigo ya kati kwanza, kukamata kuje pale tu Eddy amesimama baada ya kuzuia.

Ligula_Kwetu

Sahihi kaka. Naongeza: King ana ukamataji wa aliyechuchumaa pia, ila kama umeshajenga mchezo wako wote kwenye kukamata kwa kuzungusha mshale nusu mduara, Eddy atakusumbua.

Mamu_wa_Mtanda

Wakuu, kwa kuwa King ametajwa, nizungumzie upande wa pili, maana hapa Lindi wanaolia na King ni wengi kuliko wanaolia na Eddy.

Kukamatwa kunavunjwa, na kuna kanuni. Tazama mkono unaotangulia. Mkono wa kushoto ukitangulia, bonyeza mraba. Wa kulia, pembetatu. Yote miwili, mraba na pembetatu kwa pamoja. Kule kuzungushwa kwa miguu, Giant Swing, kunavunjwa kwa mraba. Muscle Buster, ile ya kukubeba begani na kuruka, ni vyote viwili. Ukamataji wa kawaida ambao kila mhusika anao, kwenye Tekken 7 kitufe chochote kati ya hivyo viwili kinatosha.

Tatizo linakuja hivi: mtu akiona amekamatwa anaponda mraba, pembetatu, mraba, pembetatu akitegemea kimojawapo kitashika. Hakishiki, kwa sababu gemu inahesabu ulichobonyeza kwanza. Ukianza na kisicho chake, imekwisha. Bonyeza mara moja tu. Muda upo, fremu 20, ni theluthi ya sekunde. Macho yawe kwenye mabega ya King, siyo kwenye mabega yako.

Wanaoshindwa kubonyeza viwili kwa wakati mmoja, ingieni kwenye mipangilio ya vitufe, wekeni "ngumi zote mbili" kwenye kitufe kimoja cha begani. Hiyo ni halali kabisa, na mwenye banda hana sababu ya kuikataa.

Akikukamata kwa mgongo hakuna kuvunja. Kwa hiyo usimpe mgongo.

Zoezi lake: mode ya mazoezi, mwenzako ashike pedi ya pili na King, atumie mbili tu, Giant Swing na Muscle Buster, akizibadilisha bila kusema. Mkishafikia kuvunja nyingi, aongeze ya tatu. Ukianza na zote siku ya kwanza jicho halijifunzi kitu.

Masasi_Mishima

Dada Mamu umemaliza. Mimi nataka Kazuya, maana kuna dhana kwamba mwenye elektriki hazuiliki.

Elektriki, ile ngumi ya umeme, ni ya juu. Ukiizuia, yeye ndiye mwenye faida ya fremu 5. Maana yake ukijibu na mraba wako wa fremu 10, na yeye akapiga wake wa fremu 10, wewe unakula. Wengi hapa hukasirika wakisema "nilizuia mbona nimepigwa". Ulizuia, halafu ukabonyeza wakati si wako. Baada ya elektriki zuia tena, au pita pembeni.

Kupita pembeni ndiko dawa ya Kazuya. Nenda kushoto kwako, kushoto kwa mhusika wako. Ukiwa upande wa kushoto wa kioo, kushoto kwake ni ndani ya kioo, gusa juu. Mkibadilishana pande, kushoto kwake kunakuwa huku kwetu watazamaji, gusa chini. Hapa ndipo watu wanapopotea: wameshika kichwani "gusa juu", wakivuka upande wanaendelea na juu, wanaingia kwenye ngumi. Na uguse, uachie. Ukishikilia juu unaruka, ukishikilia chini unachuchumaa.

Lile fagio lake, teke la chini analolitoa akija na mawimbi (ule mwendo wa kuinama na kusogea mfululizo), ukilizuia ni hasi 23. Hiyo ni zawadi. Usimpe teke la duara ukaridhika. Nyanyuka na pigo linalorusha, mpe kombo yako nzima. Mwenye Kazuya akishaadhibiwa hivyo mara mbili ataogopa kufagia, na akiogopa kufagia, wewe unaweza kusimama kwa amani. Ukimwadhibu kidogo ataendelea kufagia hadi raundi iishe, na kwa hesabu yake yuko sahihi.

Newala_Damu

Fupi tu. Law: nyuma na pembetatu, X, duara ni kati, chini, kati. Ukizuia la kwanza, daka la pili kwa chini-mbele. Paul: ile ngumi kubwa ya kuzungusha mshale robo mduara mbele na pembetatu ikizuiwa ni hasi 17, ila inakusukuma nyuma, kwa hiyo rudisha na pigo lenye urefu. La mkono mfupi litakosa, halafu utasema gemu ni mbovu. Bryan: lile fagio lake refu ni karibu nusu sekunde, linaonekana. Kaa ukilisubiri.

Mwana_Chikongola

Na Rage Art, lile shambulio kubwa la mtu aliyekaribia kufungwa? Banda zima linategemea hiyo.

Newala_Damu

Damu ikibaki kama robo, mhusika anawaka mwekundu. Kuanzia hapo Rage Art yake inapita juu ya pigo lako: utampiga, ila humkatizi. Nyingi ni za kati, kuchuchumaa hakusaidii. Nyingi zikizuiwa ni hasi 22, ni kombo kamili. Kwa hiyo akiwaka, usimalizie kwa mfululizo mrefu. Piga moja, zuia. Kukamata nako kunafaa, kwa kuwa ile ngao haizuii kukamatwa.

Fundi_Pedi_Mikindani

Wadau, haya yote yanahitaji pedi inayosikia. Nusu ya "nilibonyeza haikutoka" huku pwani ni pedi.

Pedi ya PS4 ina skrubu nne nyuma. Fungua, tenganisha vipande taratibu kwa kuwa kuna utepe unaounganisha pande mbili, na chomoa betri kwanza. Ndani kuna karatasi ya plastiki yenye nyaya za vitufe, na nyuma ya mahali inapogusana na bodi kuna kipande cha sponji. Sponji ikibonyea, karatasi haigusi vizuri, vitufe vinakufa au vinajibonyeza vyenyewe. Kata kipande chembamba cha sponji ngumu, weka juu ya ile ya zamani, funga. Ukiweka nene mno bodi inapinda, kwa hiyo anza na nyembamba.

Upepo wa chumvi na jasho la vidole huacha uchafu mweupe kwenye migusano. Pamba na spiriti, sugua polepole, acha ikauke kabisa kabla ya kufunga. Raba ya mshale ikiwa imepasuka ibadilishe, maana mshazari wa chini-mbele ndio unaotangulia kufa, na bila huo hakuna kudaka wala elektriki.

Jambo la pili, banda lenye PS4 nne au tano chumba kimoja, pedi zote zikitumia bluetooth zinaingiliana. Kuchomeka waya peke yake hakutoshi. Kwenye mipangilio ya PS4, sehemu ya vifaa, ingia kwenye pedi, badilisha njia ya mawasiliano iwe waya wa USB. Na waya uwe unaopitisha data. Nyingi za bei rahisi zinachaji tu.

Mamu_wa_Mtanda

Fundi, na runinga je? Kuna mabanda runinga ni kubwa na nzuri, lakini kila pigo unaliona limechelewa.

Fundi_Pedi_Mikindani

Hiyo ni runinga kuchakata picha, dada. Tafuta hali ya gemu kwenye mipangilio ya picha, iwashe kwenye tundu lile la HDMI ulilochomeka PS4, maana runinga nyingi zinakumbuka kila tundu peke yake. Zima kulainisha mwendo na kung'arisha. Milisekunde 50 za kuchelewa ni fremu 3. Ikifika milisekunde 100 ni fremu 6, na hapo fagio la Bryan ulilokuwa unaliona unaanza kulikosa, siyo kwa sababu umeshuka kiwango.

Nachingwea_Boy

Hili la fundi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Na kwa wanaosema huku kusini hatuwezi kufika popote kwa kuwa intaneti ni ya shida: Arslan Ash wa Lahore, Pakistani, alichukua EVO Japan na EVO ya Las Vegas, mashindano makubwa ya gemu za mapigano, mwaka huohuo wa 2019, na sifa ya kule kwao ni watu kucheza bega kwa bega, uso kwa uso. Mabanda tunayo. Tunachokosa ni kukaa watu wawili saa nzima na mechi moja tu, Eddy na King, King na Kazuya, badala ya kila mtu kusubiri zamu.

Mwana_Chikongola

Basi napendekeza hivi kwa Jumamosi, mwenye banda akiridhia: saa ya kwanza hakuna "anayefungwa anatoka". Wawili wawili, mmoja ashike Eddy muda wote, mwingine azuie na kuadhibu tu, bila kuanzisha pigo. Dakika 15 kisha mbadilishane. Uwanja uwe Infinite Azure kwa kuwa hauna ukuta, mtu asipate kisingizio cha kubanwa kona. Saa ya pili tuchague uwanja wenye kuta, kwa kuwa kurudi nyuma alikosema Ligula kunaisha mgongo ukigusa ukuta, na hapo Eddy ni mchezo mwingine. Mwenye majibu ya Eddy ukutani ashushe hapa kabla ya Jumamosi.

Ligula_Kwetu

Ukutani usirudi nyuma wala usichuchumae. Zuia umesimama, daka la chini moja, akiyumba toka kwa kupita pembeni badala ya kung'ang'ania kombo. Ukishatoka katikati, anza upya.