Naomba ushauri: vitabu vimejaa chini ya vitanda vya watoto

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Niko Bagamoyo, mama wa watoto watatu. Mwezi wa tatu nilichapisha kitabu changu cha pili, tafakari fupi za asubuhi kwa kina mama, nakala 500, kwa hela tuliyoweka ya kupaulia nyumba. Nimeuza 62. Juzi mvua iliingia ndani, boksi la chini likalowa, kurasa zikagandana kama chapati za jana.

Mume wangu hagombi. Jioni ananiuliza tu, "Mama watoto, leo umeuza bati ngapi?" Afadhali angegomba.

Kuna na hili. Sura ya nne nimesimulia mwaka ambao tulikaa bila kusemezana. Aliisoma, akaruhusu. Sasa ndiyo sura inayouza, na wanaume wenzake soko la samaki wanamtania. Nikiitangaza hiyo, navunja nyumba. Nikiiacha, sijui nitangaze nini.

Kanisani nilipewa dakika tano baada ya ibada, mama mmoja akasema nimegeuza nyumba ya Bwana kuwa soko. Nilifikiria kuomba nafasi pale Misheni ya Wakatoliki, iliyopo tangu 1868, maana wageni wa makumbusho hawakosi. Ila wengi ni wazungu, kitabu ni cha Kiswahili, nami ni Mlutheri.

Waliowahi kuuza vitabu vyao wenyewe, mlianzia wapi? Na kina baba, mngekuwa nyie, mngetaka mke afanyeje na hiyo sura?