Kanava ya mto imepinda na weupe unachungulia kati ya mishono

mto_wa_nyawera (Bukavu)

Jambo kwenu mama na dada wa shindano na uzi. Nina kanava (kitambaa cha matundu cha kudarizi kwa sufu) ya mto wa kuegemea, sentimita 40 kwa 40, ua katikati na uwanja wa bluu nzito. Ni ile ya uzi mmoja mmoja, matundu 40 katika sentimita 10. Ua limekwisha, limeshonwa kwa nusu msalaba, yaani mshono mdogo wa mshazari, bila kadre, ile fremu ya kukazia kanava. Sasa mraba umekuwa kama umesukumwa: ukingo wa juu umesogea sentimita 3 upande mmoja. Tena kwenye majani ya kijani weupe wa kanava unachungulia. Na uwanja uliobaki ni kama sentimita za mraba 900, lakini bluu iliyopo ni vitita 6 tu vya sufu, kila kimoja mita 8. Itatosha? Au nifumue yote?

sufu_kadutu (Bukavu)

Usifumue ua, yaya. Kupinda kunarekebishika, na kufumua kunakula sufu na kulegeza kanava.

Sababu ni hii: kila mshono unalala upande mmoja, na kila mmoja unavuta nyuzi za kanava kuelekea huko huko. Kanava yako ina matundu 160 kwa 160, maana yake mishono 25,600. Hata kama kila mmoja unavuta kidogo sana, mwisho mraba unahama. Nusu msalaba una shida nyingine pia: nyuma unaacha vipande vifupi tu, na kwenye kanava ya uzi mmoja zile nyuzi zinateleza moja juu ya nyingine, mshono unazama kati yake. Unafaa kanava ya nyuzi mbili mbili, au ile ambayo nyuzi zake zimefungwa kwenye makutano.

Uwanja wa bluu ushone kwa mshono wa kikapu. Mbele unafanana kabisa na nusu msalaba, lakini unakwenda kwa mistari ya mshazari, na nyuma unasukana kama kikapu, wima na mlalo, kwa hiyo mivuto inalingana. Mstari unaopanda, shindano inalala mlalo na kupita chini ya nyuzi mbili za kanava. Mstari unaoshuka, shindano inasimama wima, nayo inapita chini ya nyuzi mbili.

Tazama kwa karibu makutano ambayo mshono wako utayafunika. Uzi wa wima ukiwa juu, mstari huo unashuka. Uzi wa mlalo ukiwa juu, unapanda. Ukifuata hilo hutapotea hata ukiacha kazi wiki nzima. Ukishona mistari miwili jirani kwa mwelekeo mmoja, mbele itatokea alama ya mshazari ambayo haifutiki kwa kunyoosha wala kwa pasi. Kwa hiyo ukipumzika, acha shindano katikati ya mstari, usiiache mwishoni.

Na uwanja wote uwe wa mshono mmoja. Usianze kikapu na kumalizia nusu msalaba ili kuokoa uzi: unene wa nyuma ukibadilika, mbele panaonekana tuta.

Kuhusu hesabu: kwa matundu yako, mraba wa sentimita 2.5 kwa 2.5 una mishono 100. Kikapu kinakula karibu sentimita 87 za uzi hapo, na ukiongeza ncha za kuanzia na kumalizia, weka mita 1. Sentimita za mraba 900 ni miraba kama hiyo 144, basi mita 144, yaani vitita 18. Unavyo 6, unakosa 12. Nunua 14. Nusu msalaba ungekula karibu theluthi moja pungufu, ndiyo maana wengi wanaupenda.

Angalia namba ya rangi na namba ya lot, yaani ya sufu iliyotiwa rangi pamoja, kwenye karatasi ya kitita. Rangi ileile ya lot nyingine inaweza kuonekana tofauti kwenye kazi. Usipoipata lot ileile, usimalize ya zamani kwanza. Anza kuchanganya mapema: mstari mmoja wa zamani, mmoja wa mpya, kwa upana wa sentimita 5 au 6.

birere_nyuzi (Goma)

Naongeza juu ya weupe. Mara nyingi si kanava, ni uzi. Uzi wa zaidi ya sentimita 45 unapita kwenye matundu mara nyingi hadi unachakaa, na mwisho wake unakuwa mwembamba kuliko mwanzo. Tena kila mshono unausokota kidogo. Baada ya mishono sita hivi, achia shindano ininginie chini ijizungushe yenyewe. Na usivute: sufu ilale juu ya kanava, isiibane.

Shindano iwe butu, namba 18 kwa matundu yako. Toka kwenye tundu tupu, ingia kwenye tundu lenye uzi tayari. Ukitoka kwenye tundu lenye uzi, unanyanyua manyoya ya rangi ya jirani.

Kwa majani yaliyokwisha, pitisha uzi mmoja mwembamba wa kijani kilekile juu ya mishono iliyo myembamba tu. Kwa uwanja, kabla ya kushona, paka kanava rangi ya akriliki ya bluu iliyozimuliwa kwa maji, safu nyembamba, matundu yasizibe, halafu iache ikauke kabisa. Weupe hautaonekana tena chini ya bluu.

Uwanja huo ushone ndani ya kadre. Sisi wa Goma tunafunika kazi kwa kitambaa kila jioni, maana vumbi jeusi la mawe ya volkano likiingia kwenye sufu nyeupe halitoki.

mto_wa_nyawera

Aksanti sana. Sokoni kuna sufu ya kufumia sweta, rangi ni nzuri na bei ni ndogo. Siwezi kujazia nayo?

birere_nyuzi

Hapana, dada. Nyingi ni akriliki, uzi wa kiwandani, si sufu. Choma ncha moja: sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika, akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Hata ile ya sufu kweli, ikiwa ni ya sweta, imesokotwa kwa ulegevu ili inyumbuke. Ndani ya matundu inakuwa nyembamba, na mto ukitumika inaota vinyweleo haraka.

sufu_kadutu

Ukimaliza, ndipo unyooshe. Kwanza bonyeza kitambaa cheupe chenye maji kwenye kila rangi nzito. Kikitoka na rangi, usilowanishe, nyoosha kwa unyevu kidogo tu wa taulo. Kikibaki cheupe, chora mraba wa sentimita 40 kwa 40 kwenye tripleksi (ubao wa plaiwudi) kwa penseli, funika na nailoni inayoonyesha mistari, nyunyizia kazi maji baridi, ilaze uso chini. Pini ziingie kwenye ukingo usioshonwa, si kwenye mishono: kwanza katikati ya kila upande, halafu kuelekea pembe, kila sentimita 2. Pini zisizoshika kutu. Msumari wa kawaida unaacha doa la kahawia lisilotoka. Wakati wa mvua hapa kwetu subiri hata siku 3, ndani, mbali na jua. Ukiiondoa ikiwa na unyevu, inarudi kupinda. Sentimita 3 huenda zikahitaji mara mbili.

mto_wa_nyawera

Imeeleweka. Na kanava ijayo, nichague vipi? Kuna mtu anauza zilizochapwa.

birere_nyuzi

Chukua mstari mmoja ulionyooka kwenye picha, ufuate kwa ncha ya shindano. Ukibaki juu ya uzi uleule wa kanava kutoka mwanzo hadi mwisho, nunua. Ukiruka kwenda uzi wa jirani, picha imechapwa kombo, na utakuwa unakisia rangi kila baada ya mishono michache. Angalia pia kwamba ukingo mtupu una sentimita 5 kila upande, la sivyo huna pa kuwekea pini.

Lakini ungechora mwenyewe. Michoro ya Wakuba wa Kasai, ile ambayo wanawake wanaidarizi juu ya rafia, ni pembe, misalaba na mafundo ya mistari. Inakaa kwenye matundu ya kanava bila kulazimishwa. Ichore kwanza kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja mshono mmoja, halafu ihamishe kwa brashi nyembamba na akriliki. Kalamu za feltri (maka pen) usiguse: siku ya kulowanisha, wino unapanda ndani ya sufu.