Saksafoni yangu inamezwa na mvumo: kosa liko wapi?

Mpulizaji wa Buruburu aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Nimepiga saksafoni ya alto kanisani kwa miaka tisa, na Jumamosi nyingi hualikwa harusini, kwa hiyo vidole vyangu vimezoea nyimbo zenye ubeti, kiitikio na mwisho unaojulikana. Tangu mwaka jana nimevutwa na muziki wa namna nyingine: saksafoni inayopigwa kwa uhuru wa jazi huria, bila mlolongo uliopangwa wa kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), juu ya mvumo mmoja mrefu wa kielektroniki unaoweza kudumu hata nusu saa. Nimejaribu nyumbani. Nilitengeneza mvumo kwenye kompyuta, nikautoa kwa spika mbili nilizonunua Luthuli Avenue, kisha nikaanza kupuliza. Matokeo hayaniridhishi hata kidogo, kwani ama saksafoni inamezwa isisikike, ama inaelea juu juu kama solo ya harusi inayopigwa huku jenereta ya jirani ikinguruma. Je, tatizo ni vyombo, ni upigaji wangu, au sijaelewa mvumo una kazi gani?

Fundi wa Sauti alijibu:

Ndugu yangu, hiyo jenereta uliyoitaja kwa mzaha ndiyo mlango wa kuingilia. La Monte Young, Mmarekani ambaye naye alikuwa mpiga saksafoni, alipoanzisha kikundi chake cha mivumo jijini New York katika miaka ya 1960, alilinganisha ala na mngurumo wa umeme wa kwao, ambao ni mitetemo 60 kwa sekunde. Umeme wetu hapa Kenya ni wa mitetemo 50, na transfoma iliyo kwenye nguzo nje ya nyumba yako huvuma kwa mara mbili ya hiyo, yaani 100. Kila oktava moja juu huzidisha mitetemo mara mbili, kwa hiyo ukipanda oktava mbili unafika 400. Sasa shika saksafoni yako upige E ya oktava ya kati, ambayo kwenye piano ni G: hiyo ina mitetemo 392. Ukiitoa ile 400 kwenye kompyuta na kupiga noti hii pamoja nayo, utasikia sauti ikitikisika mara 8 kila sekunde, kwa sababu hiyo ndiyo tofauti kati ya 400 na 392.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu nadhani kosa lako limejificha hapo. Kanisani umefundishwa kwamba mtikisiko kama huo ni dalili ya kutokulingana, nawe unaukimbia kwa kupiga noti nyingi za haraka, ilhali katika muziki huu mtikisiko wenyewe ndio wimbo. Kaa kwenye E hiyo moja kwa dakika tano. Kaza midomo polepole mpaka mtikisiko upungue hadi mara 4, kisha 2, kisha utulie kabisa, halafu uachie urudi. Ukishindwa kufika huko kwa midomo peke yake, sukuma kipande cha mdomoni kiingie zaidi kidogo juu ya shingo ya saksafoni, maana unahitaji kupanda karibu theluthi moja ya nusu toni.

Kuhusu kumezwa, jibu ni jepesi zaidi: mvumo wako umejaa kila mahali. Punguza sauti zake za katikati kwenye programu yako, uache zile nzito za chini na wembamba kidogo wa juu. Noti ya chini kabisa ya alto ni kama mitetemo 139, kwa hiyo ule mngurumo wa 100 unakaa chini ya saksafoni yako bila kugombania nafasi.

Mzee wa Benga alijibu:

Mimi nasema wazi kwamba muziki usiochezeka hunichosha. Hata hivyo ningependa kumtahadharisha kijana: uhuru wa jazi huria haukuwa wa kupuliza lolote. Ornette Coleman, mpiga saksafoni Mmarekani, alipoingiza kwarteti mbili (makundi ya watu wanne wanne) studioni kwa pamoja mwezi Desemba 1960, moja ikisikika upande wa kulia na nyingine upande wa kushoto, zilicheza kwa takriban dakika 37 mfululizo, lakini kati ya solo na solo palikuwa na vipande vilivyoandikwa ambavyo wote walivijua. Weka mapatano kabla ya kuanza, hata kama uko peke yako.

Mwana wa Likoni, sasa Eastleigh, alijibu:

Ndugu Mpulizaji, umesema mvumo unatoka kwenye kompyuta na saksafoni inatoka kwako, na hapo umeshavitenga. Kwetu Pwani mpiga nzumari, ile ala ya kupulizwa ya ngomani, hakatizi sauti ili apumue. Hujaza mashavu hewa, akaisukuma kwa mashavu hayo huku akivuta pumzi mpya kwa pua, na ngoma nzima huenda bila pengo. Evan Parker, Mwingereza anayepiga saksafoni za soprano na tenori, amejenga sehemu kubwa ya kazi yake kwa pumzi ya namna hiyo. Anza na mrija ndani ya bilauri ya maji, ukihakikisha viputo havikatiki.

Ukiweza, achana na mvumo wa kompyuta kabisa na uutoe kwenye saksafoni. Terry Riley, mtunzi wa Kimarekani, aliwahi kupitisha utepe mmoja kwenye mashine mbili za kurekodia, ya kwanza ikinasa na ya pili ikirudisha kile kilichonaswa, hivi kwamba saksafoni yake moja ya soprano iligeuka kundi zima. Muda wa mwangwi ulitegemea umbali kati ya mashine hizo. Leo programu yoyote ya bure inafanya kazi hiyo.

Wala usidhani ni mambo ya wageni tu. Halim El-Dabh, mtunzi wa Misri, alirekodi sherehe ya zaar, ile ya kupunga pepo, jijini Cairo mwaka 1944 kwa mashine inayonasa sauti kwenye waya, akaichezea kwa mwangwi hadi maneno yakayeyuka, miaka minne kabla ya majaribio maarufu ya Mfaransa Pierre Schaeffer ya kutunga muziki kwa sauti zilizorekodiwa kule Paris. Na hapa Nairobi amezaliwa KMRU, mwanamuziki wa kielektroniki, mjukuu wa Joseph Kamaru, yule mwimbaji wa benga ya Kikuyu. Albamu yake ya mwaka 2020, Peel, imejaa mivumo mirefu. Mzee wa Benga asinune: damu ni ileile.

Mpulizaji wa Buruburu aliandika tena:

Nawashukuru sana. Mrija umenishinda kwa sasa, maji yananiingia puani. Jana usiku nilifanya zoezi la E, nikiwa nimefunga madirisha na kutandika blanketi mlangoni kwa heshima ya majirani. Dakika za kwanza nilijiona mjinga. Karibu na ya kumi mtikisiko ulianza kunitii, na niliweza kuushusha hadi mara moja kwa sekunde, nikaukalisha hapo. Kisha umeme ukapotea mtaa mzima. Spika zikanyamaza, transfoma nayo ikanyamaza, nami nikaendelea kupuliza ile noti gizani pasipo kutambua, nikiilinganisha na mvumo ambao haukuwapo tena, mpaka mtoto wa jirani alipogonga ukuta kuuliza kama hiyo ndiyo jenereta mpya.