Tupeane uzoefu: safari za tanga visiwani enzi za vyeti vya Korona

Nanga_Mtwapa: Wapwani, salaam aleikum. Naomba tuandike yaliyotupata kwenye safari za mapumziko kwa boti za matanga, tangu Machi 2020 hadi masharti yalipolegezwa. Ya ndege na karantini za hoteli yameshasimuliwa sana. Yetu ya baharini bado.

Naanza mimi. Mei 2021 Tanzania ilitangaza kuwa anayeingia awe na cheti cha PCR, yaani kipimo cha Korona cha maabara, sampuli iwe imechukuliwa ndani ya masaa 72 kabla ya kufika. Kufika, si kuondoka. Na Mei ndiyo kusi, upepo wa kutoka kusini, limeshika. Ukitoka Mtwapa kwenda Pemba, upepo uko usoni na mkondo wa maji unakurudisha kaskazini. Majibu ya maabara yalitoka kesho yake jioni, tukashuka hadi Shimoni, bandari ya Kenya karibu na mpaka, kugonga pasipoti ya kutoka, bahari ikachafuka. Pemba iko kilomita 50 hivi tu kutoka bara, lakini mlangobahari ule ukichafuka si wa kuingia na watoto. Saa ya sampuli imepigwa chapa juu ya karatasi, kila nikiitazama masaa yanazidi kupungua. Baharia wangu akasema twende tuwahi. Nikakataa. Pesa za vipimo vya watu wote zikapotea, na ningeamua vivyo hivyo tena.

BintiKibokoni: Pole, kaka. Sisi tulikuwa tumelipia Lamu, Pasaka 2020. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Wenzetu wawili wakataka kumwongeza nahodha pesa tuondoke usiku kimyakimya. Mzee yule akawajibu, “Kule kuna wazee kama mimi.” Basi. Namheshimu mpaka leo. Mei mtaa wetu wa Mji wa Kale nao ukafungwa, mashua naziona kwa dirisha la juu na siwezi kufika Bandari ya Kale. Kilifi na Kwale zilifunguliwa Juni, Mombasa ikangoja hadi Julai 7.

Wakala_Nyali: Mimi nilipeleka wateja Shelisheli, wakakodi boti huko huko. Nchi ile ilifungulia wageni karibu wote tarehe 25 Machi 2021, isipokuwa waliotoka Afrika Kusini. Walitaka PCR ya masaa 72 kabla ya kuondoka, na kibali cha afya cha kuombwa mtandaoni. Kilichotutesa ni majina. Cheti kimeandikwa Hadija, pasipoti ni Khadija. Turudi maabara, tungoje chapa mpya, na masaa yanakwenda. Someni cheti herufi kwa herufi kabla hamjatoka pale dirishani, jamani.

Mgeni_Bamburi: Ahsanteni. Nataka kwenda Pemba na familia kaskazi hii, upepo wa kaskazini ukishaanza. Bado kuna vipimo?

Nanga_Mtwapa: Hapana, dada, vya Korona vilishaondolewa. Kenya yenyewe ilianza kuwaachia waliochanjwa kamili Machi 2022. Ila kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani, kwa kuwa unatokea Kenya. Gonga pasipoti kabla ya kuvuka. Ukifika bandari ya Mkoani, Pemba, pandisha bendera ya njano, ishara ya kuomba ruhusa ya kuingia, asishuke mtu ila nahodha na makaratasi, mpaka watu wa afya, uhamiaji na forodha wawaruhusu. Watoto wape chakula mapema, kungoja huko kunaweza kula asubuhi nzima.