Heda za Chevelle ya 1970 injini 350: ndefu au fupi, na bomba la ukubwa gani?

Chuma70:
Wakuu habari zenu, naomba mawazo kabla sijatoa hela. Nina Chevrolet Chevelle ya 1970, injini 350 (inchi za ujazo), kabureta ya matundu manne, gia otomatiki na leva yake iko kwenye steringi. Ndani ya injini sijagusa kitu, kemshafti (shafti inayofungua vali) ni ya kiwandani. Manifoldi (chuma kinachokusanya moshi wa silinda) ya upande wa dereva imepata ufa katikati, ikiwa baridi inapiga tik tik tik halafu ikishapata moto chuma kinatanuka sauti inapotea. Kwa kuwa lazima itoke, nikaona bora niweke heda kabisa, yaani yale mabomba ya kutoa moshi yanayokaa badala ya manifoldi.

Sasa nimechanganyikiwa. Kuna ndefu zinazoshuka mpaka chini ya sakafu, kuna fupi, kuna bomba la inchi 1 5/8, kuna 1 3/4, kuna mpaka 1 7/8. Rafiki yangu anasisitiza nichukue kubwa kuliko zote moshi utoke bila kubanwa, mwingine ananiambia injini lazima ibanwe kidogo huko nyuma la sivyo inakosa nguvu. Nani yuko sahihi? Gari ni la kutembelea tu, sio la mashindano, na kazi nataka niifanye mwenyewe.

Bomba_la_V8:
Mkuu hapo wote wawili sikubaliani nao. Hakuna injini inayofaidika kwa kusukuma moshi kwenye kizuizi, inachotaka ni moshi utoke kwa KASI. Vali ya ekzosi ikifunguka inatoka pumzi moja ya presha kubwa, ile pumzi ikikimbia kwenye bomba inaacha presha ndogo nyuma yake, na ikitokea wakati ule mfupi ambapo vali ya kuingiza na ya kutoa ziko wazi pamoja basi mabaki ya moshi yanavutwa nje na hewa mpya inaingia kwa urahisi. Ukiweka bomba pana kupita kiasi moshi unapunguza mwendo na ule mvuto unakufa, hasa kwenye mzunguko wa chini, na gari lako la kutembelea muda mwingi liko huko huko chini. Ndiyo maana mtu anaweka bomba kubwa, gari linakuwa zito kuondoka, halafu anasema ilihitaji kubanwa. Hapana, ilihitaji bomba dogo.

Kwa 350 ambayo haijaguswa ndani chukua 1 5/8 wala usiumize kichwa. Hiyo 1 3/4 inaanza kuwa na maana ukishabadilisha hedi (kichwa cha injini chenye vali) na kemshafti na injini inazungushwa juu sana, na 1 7/8 waachie wenye injini kubwa kama 454.

Ndefu au fupi, mimi nasema ndefu, na sababu iko kwenye mpangilio wa kuwaka wa hii injini: 1-8-4-3-6-5-7-2. Angalia hapo 5 na 7, zinafuatana na ziko jirani upande mmoja. Kwenye manifoldi ya kiwandani zote zinatapika kwenye chumba kimoja, kwa hiyo pumzi ya 7 inatoka wakati 5 bado haijamaliza kupumua. Upande wa pili 8 na 4 nazo zinafuatana, ingawa haziko jirani. Heda ndefu inaipa kila silinda njia yake mpaka kwenye kolekta, pale mabomba yanapoungana kule chini. Fupi inazikutanisha mapema mno, faida yake kwenye nguvu ni ndogo, uzuri wake ni kwamba inaingia kirahisi na haining'inii.

Dada_Spana:
Nakubaliana na Bomba kwenye ukubwa, ila kaka Chuma nguvu za kwenye karatasi hazitakusaidia kama heda haiingii, kwa hiyo mimi naongelea kufunga.

Kabla hujanunua lala chini ya gari na tochi uangalie nini kiko njiani. Kwako ni boksi la steringi, stata, filta ya oili, na hiyo leva ya gia kwenye steringi, maana fimbo zake zinashuka pale pale bomba linapotaka kupita. Uliza muuzaji waziwazi kama heda hiyo inakubali leva ya kwenye steringi, nyingi zimepimwa kwa leva ya sakafuni. Pia angalia plagi za hedi zako zimekaa wima au za kulala, zikiwa za kulala na heda ikawa ya plagi za wima unaweza ukakuta bomba liko mbele ya plagi kabisa na spana haipiti.

Angalia flanji (bati la heda linalofungwa kwenye hedi), ya unene wa inchi 3/8 ndiyo inakaa bila kupinda, nyembamba ikipata moto inajikunja na gasketi inaanza kuvuja. Iwekee rula ya chuma ngumu kabla ya kufunga, ukiona mwanga kati ya rula na flanji irudishe. Na bati la bomba, geji 16 ni nene kuliko geji 18, namba ikipungua unene unaongezeka, wengi wanalielewa kinyume.

Kutoa za zamani: mwagia boliti mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, rudia tena, halafu uzifungue injini ikiwa vuguvugu. Boliti ikigoma usiishindilie, irudishe kidogo kama unaikaza kisha ilegeze, nenda hivyo hivyo mbele nyuma. Ikikatikia ndani ya hedi kazi inageuka kuwa nyingine kabisa. Toa waya wa betri kwanza kwa sababu utafungua stata, na stata ina waya ambao una umeme muda wote. Gari likae juu ya stendi imara, jeki peke yake HAPANA.

Toa plagi zote na mrija wa dipstiki, utapata nafasi. Upande wa dereva mara nyingi inabidi ulegeze mpira unaoshikilia injini na kuinyanyua injini kidogo kwa jeki yenye ubao chini ya sampu, heda inaingizwa kutokea chini. Safisha nyuzi kwenye hedi kwa tapu (kifaa cha kukatia nyuzi) ya inchi 3/8, nyuzi 16 kwa inchi. Mwanzo zifunge boliti zote kwa vidole tu, hata moja usiikaze mpaka zote zimeshika, ukikaza ya kwanza mapema ya mwisho haitaona tundu. Kisha kaza kutoka katikati kwenda pembeni, futi-pauni 20 hadi 25 zinatosha.

Ukishawasha ikapata moto, iache ipoe kabisa, zikaze tena. Ukiendesha siku chache, kaza tena. Heda nyingi zinazolaumiwa eti zinavuja zilikazwa mara moja zikasahaulika.

Mtu_wa_Chuma:
Mimi nina mawazo tofauti kidogo. Kijana amesema gari la kutembelea na injini haijaguswa. Kwa matumizi hayo manifoldi nzima ya chuma cha kutupwa sio ya kudharau, hasa zile za Chevrolet zenye umbo la pembe za kondoo zinazotokea katikati. Zina kelele kidogo, haziunguzi waya za plagi, hazichomi stata, na ukizifunga vizuri unazisahau miaka mingi. Heda ndefu inashuka chini, kila tuta utakuwa unapita kwa wasiwasi. Sipingi kwamba heda inaongeza nguvu, inaongeza, nasema apime anachopata na anachokosa.

Akiamua heda basi asinunue ya rangi tu, rangi inaungua mapema na kutu inaanza. Achukue iliyopakwa kauri ndani na nje, au chuma cha pua cha 304. Na ile bandeji ya kuzungushia bomba asiiweke kwenye chuma cha kawaida, inashika unyevu na kutu inakula bomba ukiwa huoni.

Chuma70:
Asanteni sana wakuu, nimeenda chini ya gari na tochi kama dada alivyosema na kweli fimbo ya gia inapita karibu mno na pale bomba litakapokuwa, nitatafuta iliyotengenezwa kwa leva ya kwenye steringi. Nabaki na heda ndefu 1 5/8 yenye kauri. Swali la mwisho: choki (kilango kinachobana hewa injini ikiwa baridi) na kabureta vinahitaji kuguswa?

Bomba_la_V8:
Ndiyo, vyote. Manifoldi yako ya upande wa abiria ina ile vali ya joto inayolazimisha moshi upite chini ya kabureta injini ikiwa baridi. Heda haina hiyo vali, kwa hiyo choki itachelewa kufunguka na injini itakula petroli nyingi asubuhi. Dawa ni choki ya umeme, waya mmoja unaopata umeme ukifungua switchi. Angalia pia braketi ya alterneta, ikiwa imeshikwa na boliti ya manifoldi utahitaji boliti ndefu au braketi nyingine.

Kabureta: injini ikipumua vizuri hewa inaongezeka na mchanganyiko unaelekea kuwa mkavu, yaani petroli inakuwa kidogo kwa hewa iliyopo. Endesha, zima, toa plagi uzisome, zikiwa nyeupe kama chaki panda jeti (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) saizi moja au mbili. Ikilipuka lipuka ukiachia mafuta usikimbilie jeti, tafuta kwanza sehemu inayoingiza hewa kwenye gasketi, utaona alama nyeusi ya masizi pale inapovuja.

Dada_Spana:
Na waya za plagi chukua zenye kofia za kauri au uzivalishe soksi za kuzuia joto, hasa zile za nyuma karibu na ukuta wa injini. Stata nayo iwekee bati la kukinga joto, ukiona ikiwa ya moto inazunguka kivivu na ikipoa inawasha vizuri basi tatizo ni joto, usikimbilie kununua betri.

Kwa wengine mnaosoma wenye V8 mpya zaidi: Marekani katalitiki (kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi) zilianza kuenea kwenye modeli za 1975, kwa hiyo Chevelle hii haina. Gari lako likiwa nayo usiitoe, ni kosa kisheria kule, na California heda yenyewe lazima iwe na namba ya kibali. Chagua heda inayoacha katalitiki mahali pake na yenye tundu la sensa ya oksijeni.

Chuma70:
Nimeelewa. Naanza kumwagia boliti mafuta leo usiku, kesho injini ikiwa vuguvugu nijaribu ile ya mwisho nyuma kwanza maana ndiyo yenye kutu kuliko zote.

Dada_Spana:
Anza na zilizo rahisi kaka, hiyo ya nyuma iache iendelee kunywa mafuta mpaka mwisho.